Bastola ya mfukoni: maana yake, na kwa nini nyingine hugoma

Bastola ya mfukoni ni bastola ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuitia kwenye mfuko wa mbele wa suruali na kushinda nayo kutwa bila kujulikana. Nyingi hazizidi urefu wa sentimita 16 hivi, na uzito wake bila risasi huanzia chini ya gramu 200 hadi gramu 600 na ushei. Risasi zake nazo ni ndogo: .22, .25, .32 na .380. Namba hizo zinataja kipenyo kwa sehemu ya inchi. Ulaya nyingi kati ya risasi hizo huandikwa kwa milimita, kwa hiyo ukikuta bastola imechongwa 6.35 ujue ni .25, 7.65 ni .32, na milimita 9 fupi ndiyo .380.

Soko lake kubwa ni Marekani, ambako zaidi ya nusu ya majimbo sasa yanamruhusu mtu mzima asiye na rekodi ya uhalifu kubeba bastola iliyofichwa hata bila kibali. Kenya na Tanzania mambo ni mengine kabisa. Kenya unahitaji leseni ya Bodi ya Leseni za Silaha, na Tanzania umiliki unabanwa na sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Hata hivyo maswali kuhusu bastola hizi yako palepale popote zilipo, na la kwanza huwa: ipi haigomi?

Wengi hujibu kwa kutaja kiwanda. Mimi naanza na risasi, kwa sababu tabia ya bastola ndogo inaamuliwa kwa sehemu kubwa na kitako cha ganda la risasi inayopiga.

Chukua .22 ndefu, inayotengenezwa tangu 1887 na inayopendwa kuliko zote kwa sababu ni rahisi kununua na haisukumi mkono. Ganda lake halina fataki ya peke yake, yaani kile kikombe kidogo cha unga unaowasha baruti. Kiwandani unga wa fataki hutiwa ndani ya ganda ukiwa na unyevu, kisha huzungushwa kwa kasi ili usambae na kujaza ukingo wa kitako, ule uliojitokeza kama mdomo wa sufuria. Pini ya bastola hugonga ukingo huo, hubana unga, unga huwaka, baruti inafuata. Unga usipoenea sawasawa na pini ikagonga palipo patupu, utasikia "tik" na basi. Kwenye uwanja wa shabaha unaweza kuiona kasoro hii kwa macho. Risasi iliyogoma huwa na kovu dogo la pini ukingoni. Ukiirudisha chemba, yaani nafasi ya mtutuni risasi inapolipukia, huku umeizungusha ili pini igonge upande mwingine, mara nyingi hulipuka vizuri tu. Kwa hiyo baruti ilikuwa nzima na pini ilifanya kazi yake. Ukingo ndio uliokuwa na pengo.

Ukingo huohuo una tatizo la pili. Ndani ya magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini, risasi zinapangwa moja juu ya nyingine, na kila ukingo unatakiwa utangulie mbele ya ule ulio chini yake. Ukijaza ovyo, ukingo wa risasi ya juu unakaa nyuma ya ule wa chini, zinashikana, na bastola inakwama katikati ya kazi. Tena risasi nyingi za .22 zina kichwa cha madini ya risasi kilicho wazi, kimepakwa nta, na nta hukusanya nyuzi za nguo na vumbi la mfukoni. Siisemi vibaya .22. Kwa mazoezi na kwa kumfundisha anayeanza haina mpinzani. Lakini bastola ya .22 ya magazini inayolala mfukoni wiki nzima ikisubiri siku moja ya shida ni jambo ambalo singemshauri ndugu yangu, mpaka awe ameijaribu kwa risasi nyingi za aina ileile anayoibeba.

John Moses Browning, mbunifu wa silaha wa Marekani, aliliona tatizo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Risasi ya .25 aliyoitoa mwaka 1905, pamoja na kibastola kilichotengenezwa na kiwanda cha FN huko Ubelgiji, ilikusudiwa kutoa nguvu za karibu na .22 kwenye mtutu mfupi, ila fataki iwe katikati ya kitako, kwenye kikombe chake. Fataki ya katikati haina mambo ya kutafuta unga umeangukia wapi. Colt walianza kuiuza kwa Wamarekani mwaka 1908. Leo .25 inadharauliwa sana, na dharau hiyo haikuitendea haki. Mwaka 1968 Marekani ilipitisha sheria iliyozuia bastola nyingi ndogo za kigeni kuingia nchini. Pengo likajazwa na viwanda vya ndani vilivyotoa vibastola vya bei ya chini kabisa vya .25, kama Raven ya California, vilivyoundwa kwa mchanganyiko wa madini ya zinki. Vingi vilikuwa duni, na jina baya likabaki kwa risasi badala ya kubaki kwa vyuma. Sheria hiyohiyo iliikamata hata Walther PPK ya Ujerumani, bastola ya mwaka 1931 yenye heshima zake, kwa kuwa haikutimiza masharti ya ukubwa. Walther wakachukua sehemu ya juu ya PPK, ile inayorudi nyuma kila risasi inapopigwa, wakaiweka juu ya mwili mrefu kidogo wa ndugu yake PP, ikapatikana PPK/S, nayo ikapita.

Sasa tuje kwenye vyuma vyenyewe. Bastola nyingi za mfukoni hutegemea uzito wa sehemu ya juu na ugumu wa springi kuizuia chemba isifunguke mapema. Bastola ikiwa ndogo, uzito unapungua, kwa hiyo springi lazima iwe ngumu. Matokeo yake mtu mwenye mikono dhaifu, mzee au mgonjwa wa baridi yabisi, anashindwa kuikoki, yaani kuivuta sehemu hiyo nyuma ili risasi iingie chemba. Na kwa kuwa sehemu ya juu husafiri umbali mfupi, muda wa kutupa ganda na kuokota risasi nyingine ni mdogo mno. Mkono ukilegea kwenye kifundo, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na sehemu yake ya juu, mzunguko haukamiliki, na ganda linabanwa mlangoni. Mpigaji hulaumu bastola, kumbe ni mkono.

Beretta, kiwanda cha Italia, walilitatua tatizo la kukoki kwa njia ninayoipenda sana. Tangu modeli ya 950 ya mwaka 1952, na baadaye 21A Bobcat, unasukuma kitufe cha pembeni na mtutu unainuka kwa nyuma. Unatia risasi moja kwa mkono, unaufunga, umemaliza. Springi haikuguswa. Lakini starehe hiyo ina gharama, na anayenunua aijue kabla. Bastola hizi hazina kile kidole cha chuma kinachonasa ganda na kulivuta nje. Ganda hutoka kwa kusukumwa na gesi ya mlipuko tu. Risasi ikigoma hakuna gesi, kwa hiyo kuvuta sehemu ya juu hakutaitoa. Itabidi uinue mtutu na kuichomoa kwa kucha. Weka hilo pamoja na risasi ya .22 ambayo hugoma mara kwa mara, uone uzito wake. Nafuu ya 21A ni kwamba unaweza kuvuta kifyatuo tena na nyundo ikagonga mara ya pili. Ukiipenda, itafute ya .25.

Kwa upande wangu, .32 ndiyo inayokaa vizuri zaidi kati ya udogo na kutegemeka. Ilitoka mwaka 1899, fataki yake iko katikati, na mshindo wake unavumilika. Kel-Tec P-32, iliyotoka mwaka 1999, ina uzito wa gramu 190 hivi bila risasi na hubeba saba kwenye magazini. Inafunga chemba kwa mtutu unaoinama, kwa hiyo springi yake haihitaji ugumu wa ajabu. Kasoro yake ni kwamba ikigoma haipigi mara ya pili kwa kuvuta kifyatuo, lazima uikoki upya. Na .32 ina ukingo mdogo uliojitokeza. Ukitumia risasi fupi zenye kichwa chenye tundu, zinapata nafasi ya kuteleza ndani ya magazini na kingo zikashikana. Risasi za urefu kamili zenye kichwa cha mviringo hupunguza sana hatari hiyo. Pia kichwa chenye tundu kikipanuka kwenye risasi yenye nguvu ndogo hivi, huishia juujuu, kwa hiyo cha mviringo kinafaa mara mbili.

Ruger LCP ya .380, ya mwaka 2008, ina nguvu zaidi ikiwa na gramu 266 tu, na ndiyo iliyoteka soko. Inapiga mkono vibaya, wengi hawaifanyii mazoezi. Mwaka huohuo Ruger waliziita za mwanzo zirudi kiwandani kwa kuwa zingeweza kufyatuka zikianguka, na anayenunua iliyotumika anapaswa kukagua namba yake kama ilisharekebishwa.

Kwa asiyeweza springi kabisa, bastola ya silinda ya .22, ambayo risasi zake hukaa kwenye duara linalozunguka, kama ile ndogo ya Smith & Wesson au Ruger LCR, zote za risasi nane, inaondoa nusu ya matatizo niliyoyataja. Hakuna magazini, hakuna kingo za kushikana, na risasi ikigoma unavuta tena, silinda inaleta nyingine. Kifyatuo chake ni kizito, kwa sababu ukingo wa .22 unataka pigo kali.

Mfuko wenyewe ni adui. Nyuzi, jasho na chenga huingia kwenye chemba na nyuma ya nyundo, na mafuta yakizidi huzigandisha. Bastola ikae kwenye ala inayofunika kifyatuo, mfuko usiwe na kitu kingine, hata funguo, na jioni ifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki. Kabla ya kuiamini, wengi hutaka ipige risasi 200 za aina itakayobebwa bila kukwama. Ikikwama, badilisha aina ya risasi na magazini kwanza, uanze kuhesabu upya. Risasi zilizokaa mfukoni miezi mingi zipige uwanjani, utie mpya.