Kiingereza Hakitapotea: Dhana za Wazazi Kuhusu Shule za Kiwelisi

Kila ufikapo msimu wa kuomba nafasi za shule, wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Cardiff, mji mkuu wa Wales, wengi wao wakiwa wametoka Kenya, Tanzania na mashariki mwa Kongo, huniuliza swali lile lile: mtoto akisomeshwa kwa Kiwelisi, lugha ya asili ya Wales, Kiingereza atakijulia wapi? Kazi yangu ni kushauri familia na walimu juu ya ujifunzaji wa lugha, kwa hiyo swali ni halali yangu na sina haki ya kulikimbia. Ila nimelijibu ana kwa ana, kwa simu na hata kwenye shughuli za arusi, na bado linarudi kana kwamba halijawahi kujibiwa. Nitalijibu hapa kwa urefu, kisha nitayapitia mengine yanayofuatana nalo.

Kwanza utaratibu wenyewe, maana wengi huhukumu kabla ya kuuelewa. Shule ya msingi ya Kiwelisi humpokea mtoto akiwa na miaka 3 au 4, na mpaka atimize miaka 7 hivi, karibu kila kinachoongozwa na mwalimu darasani, iwe ni hesabu, hadithi, kunawa mikono au kupanga foleni, hufanyika kwa Kiwelisi. Sheria ya mtaala na tathmini ya mwaka 2021 inaziruhusu shule kungoja mpaka umri huo kabla ya kuanza kufundisha Kiingereza. Kuanzia miaka 7 hadi 16, Kiingereza ni lazima kwa kila mwanafunzi wa shule ya umma nchini, iwe ya Kiwelisi au ya Kiingereza. Wazazi husikia nusu ya kwanza ya maelezo haya, wakashtuka, na nusu ya pili ikawapita. Hatimaye mwanafunzi wa shule ya Kiwelisi hufanya mtihani wa Kiingereza wa GCSE, yaani ule wa kumalizia masomo ya lazima akiwa na miaka 16 hivi, ule ule anaoufanya mwenzake wa shule ya Kiingereza, kwa karatasi ile ile na usahihishaji ule ule. Hakuna Kiingereza chepesi kilichotengwa kwa ajili yake.

Halafu kuna jambo ambalo sielewi ni vipi mtu anayeishi mjini Cardiff anaweza kulisahau. Kiingereza kimemzunguka mtoto huyu tangu asubuhi hadi anapolala: katuni, YouTube, basi, zahanati, duka, watoto wa jirani, ligi ya mpira ya Jumamosi. Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji wa Kiwelisi 538,300 katika Wales nzima, yaani asilimia 17.8 ya watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi, na ikaonyesha kwamba idadi ya watoto wanaokizungumza ilikuwa imeshuka kulinganisha na sensa ya 2011. Lugha inayowanyima usingizi walimu wa shule hizi ni Kiwelisi. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wale wale waliokuwa wakijibu maswali ya sayansi kwa Kiwelisi fasaha hutoka uwanjani wakigombania mpira kwa Kiingereza, na ndiyo maana ukabuniwa mpango wa Siarter Iaith, yaani Mkataba wa Lugha, ulioanzia jimbo la Gwynedd, kaskazini-magharibi mwa Wales, na kuenea nchi nzima, ili kuwatia hamu ya kukitumia Kiwelisi nje ya darasa. Mzazi anayehofia Kiingereza katika mazingira hayo anailinda lugha isiyohitaji mlinzi.

Kuhusu kusoma, wengi hudhani mtoto aliyeanza kusoma kwa Kiwelisi atalazimika kuanza upya afikapo kwenye Kiingereza, na hivyo atakuwa miaka mitatu nyuma. Haiendi hivyo. Kugundua kwamba herufi husimama badala ya sauti, kuziunganisha sauti hizo zikawa neno, kufuata mstari, kubashiri kinachofuata katika kisa: hayo yote mtoto huyajua mara moja, kisha huyahamishia katika lugha nyingine. Tena Kiwelisi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa tahajia yake hufuata matamshi kwa kiasi kikubwa, jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kujivunia. Watafiti waliowalinganisha watoto wa eneo moja la kaskazini mwa Wales, baadhi wakianza kusoma kwa Kiwelisi na wengine kwa Kiingereza, walikuta kwamba katika hatua za mwanzo walioanza na Kiwelisi waliyasoma kwa usahihi maneno mengi zaidi katika lugha yao ya kusomea. Ni kweli kwamba mtoto wa miaka 7 au 8 ataandika maneno ya Kiingereza kwa tahajia ya Kiwelisi kwa muda, na mzazi ataniletea daftari huku mkono ukimtetemeka. Tahajia hiyo hurekebishika. Mtoto anayeandika «bwc» akikusudia «book» amesikia sauti vizuri na amezipatia herufi kwa kanuni anayoijua, na mimi sioni msiba hapo.

Hofu hii ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ilitungwa hapa hapa Wales. Mwaka 1923 mtafiti D. J. Saer alichapisha matokeo ya kuwapima watoto wapatao 1,400 wenye umri wa miaka 7 hadi 14, akidai kwamba wenye lugha mbili walipungukiwa akili wakilinganishwa na wenye lugha moja. Waliosambaza habari hiyo hawakupenda sana kutaja kwamba pengo lenyewe lilijitokeza vijijini na kwamba mijini halikuwepo la maana, wala kwamba hali za maisha za watoto hao hazikuwa zimesawazishwa ipasavyo. Ilipofika 1962, Elizabeth Peal na Wallace Lambert walifanya kazi hiyo kwa uangalifu zaidi mjini Montreal, Kanada, wakalinganisha watoto wa tabaka moja, na waliojua Kifaransa na Kiingereza wakafanya vizuri kuliko wa lugha moja. Sitaki mtu atoke hapa akitangaza kwamba lugha mbili humwongezea mtoto akili. Madai hayo nayo yamebishaniwa vikali, na wanaoyauza kwa wazazi hunikera karibu sawa na wanaotisha. Inatosha kusema kwamba kichwa cha mtoto si debe ambalo ukimimina Kiwelisi lazima Kiingereza kimwagike.

Lakini ipo sababu nyingine ya hofu, na hii naiheshimu, kwa kuwa imetokana na maumivu halisi. Mzazi aliyesoma Tanzania anakumbuka kidato cha kwanza, pale Kiswahili alichosomea miaka yote ya msingi kilipoondolewa ghafla na Kiingereza kikawa lugha ya biolojia na historia, akakariri asichokielewa. Anadhani mwanawe anapelekwa kule kule. Tofauti ni kubwa. Mtoto wa miaka 3 anaingia darasani na wenzake ambao wengi wao, hasa hapa Cardiff na kwenye mabonde ya kusini-mashariki, wametoka katika nyumba zisizo na Kiwelisi, kwa hiyo wote wanaanza pamoja. Mwalimu anajua kwamba hawajui, anafundisha kwa ishara, vitu, nyimbo na marudio, na akiambiwa jambo kwa Kiingereza analielewa na kulijibu kwa Kiwelisi. Hakuna anayemdai mtoto nadharia ya fotosinthesisi siku ya kwanza.

Sasa nifike kwenye kosa linalozaliwa na hofu hiyo, ambalo ndilo hasa linalonipandisha presha. Mzazi husema: «Mwalimu, tumeamua kuacha Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, tunampa Kiingereza tu, Kiwelisi atakipata shule.» Husema hivyo akitarajia pongezi. Tafiti maarufu za uzamishaji wa lugha, yaani kumfundisha mtoto masomo kwa lugha asiyoijua bado, kuanzia ule mradi wa St Lambert ulioanza Quebec, Kanada, mwaka 1965, ambako watoto wa Kiingereza walisomeshwa kwa Kifaransa, zilihusu zaidi watoto ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa na nguvu katika jamii pana, na hivyo haikuweza kudhurika kwa kukosekana darasani. Mtoto wa Kiingereza hapa Wales yuko katika hali hiyo. Mtoto wa Kiswahili hayuko. Kiswahili chake hakina redio mtaani, hakina ubao wa matangazo, hakina mwalimu. Kina mama, baba, bibi kwenye simu na pengine binamu wawili. Ukikiondoa mezani pa chakula, kimeondoka. Na Kiingereza ambacho mzazi anakiweka mahali pake mara nyingi ni kile alichojifunzia ukubwani, chenye msamiati wa kazini na wa ofisi za serikali, kisicho na mizaha, vitendawili, karipio tamu wala majina ya ndugu. Mtoto anabadilishiwa lugha tajiri kwa lugha kavu, eti kwa faida yake.

Wakenya wengi wanaijua «disc» ya shuleni, kile kibao alichokabidhiwa aliyeponyokwa na lugha ya kwao, akakisukumia kwa mwingine, na aliyekutwa nacho jioni akachapwa. Wales nako, katika karne ya 19, kilikuwapo kipande cha mti kilichoitwa Welsh Not, na kanuni zake zilikuwa karibu zile zile. Ninapomwona mzazi aliyepitia kibao hicho akikitundika upya sebuleni kwake kwa hiari, uvumilivu wangu huisha. Ushauri wangu, ambao wanaonijua wamechoka kuusikia, ni huu: zungumzeni Kiswahili nyumbani, kingi, cha kila namna, simulieni, bishaneni, pangeni bajeti mbele ya mtoto, msomeeni kitabu kila usiku. Msamiati na mantiki anayoijenga humo ndiyo mwalimu wa Kiwelisi ataikuta na kuitumia. Mtoto kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja si dalili ya ugonjwa. Watu wazima wa Nairobi na Lubumbashi hufanya hivyo mchana kutwa na hakuna anayewapeleka kwa daktari.

Wengine huniambia: «Shule hizo ni za Wawelisi wenyewe.» Ilikuwa hivyo mwanzoni. Shule ya kwanza ya msingi ya namna hii ilifunguliwa Aberystwyth mwaka 1939 na Ifan ab Owen Edwards, ikiwa shule binafsi yenye wanafunzi 7, kwa ajili ya watoto wa nyumba zilizozungumza Kiwelisi. Ya kwanza kugharamiwa na halmashauri ikafuata Llanelli mwaka 1947. Leo ni shule za umma, hazitozi ada, na mlango ni wa kila mkazi. Serikali ya Wales ilitangaza mwaka 2017 kwamba inataka wasemaji milioni 1 ifikapo 2050. Hesabu hiyo haiwezi kutimia kwa watoto wa wasemaji peke yao.

Kuna wanaosema hawataweza kusaidia kazi za nyumbani. Maelekezo kwa wazazi kwa kawaida hutolewa kwa Kiwelisi na Kiingereza, na mtoto anayekueleza kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiwelisi anafanya zoezi bora kuliko lile lililomo daftarini. Zaidi ya hayo, msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo jirani yake Mwingereza hana: herufi nyingi za Kiwelisi anaweza kuzitamka leo jioni. Dd ni dh ya dhahabu, th ni th ya thelathini, ch ni kh ya Khamisi, ng kwa kawaida ni ng' ya ng'ombe, f moja husomwa v, ff husomwa f, na w mara nyingi ni u. Inayosumbua ni ll. Weka ulimi mahali pa l, kisha pumzi ipite pembeni bila sauti ya koo. Hata lile jambo linalowatisha Waingereza, la neno «cath», yaani paka, kugeuka «gath», «chath» au «nghath» kulingana na lililotangulia, halipaswi kumshangaza mtu ambaye ulimi wake ukizidi mmoja huwa ndimi. Msomee mtoto kitabu cha Kiwelisi kwa sauti hata kama huelewi nusu yake. Atakusahihisha kwa furaha kubwa.

Kwa mtoto aliyechelewa kusema, au mwenye usonji, au mwenye tatizo la ukuzi wa lugha, wazazi huambiwa, wakati mwingine na watu waliopaswa kujua zaidi, kwamba apunguziwe lugha. Tatizo la ukuzi wa lugha hujitokeza katika lugha zote za mtoto, wala kuziondoa hakuliponyi. Hupunguza tu idadi ya watu anaoweza kuzungumza nao. Apimwe kwa kuzingatia lugha zake zote, Kiswahili kikiwemo, na kwa mkalimani ikibidi. Sheria ya mwaka 2018 ya mahitaji ya ziada ya kujifunza inatambua kwamba msaada kwa mtoto unaweza kuhitajika kwa Kiwelisi. Sitaficha kwamba wataalamu wanaokizungumza ni wachache katika baadhi ya maeneo, kwa hiyo ulizeni mapema nani atamhudumia mtoto.

Anayedhani ataikwepa lugha hii kwa kuchagua shule ya Kiingereza naye asome habari za nchi: Kiwelisi ni lazima katika shule zote za umma mpaka miaka 16, na sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inakusudia kuongeza kiwango chake hata katika shule hizo. Swali lililobaki ni kama mtoto atakijua vizuri au vibaya.

Na wapo wanaoniambia wamechelewa, kwa kuwa mtoto wao amewasili akiwa na miaka 9 kutoka Bukavu au Mombasa. Halmashauri nyingi zina vituo au madarasa ya uzamishaji kwa ajili ya watoto kama hao, na Gwynedd imekuwa navyo tangu miaka ya 1980. Mtoto hufundishwa Kiwelisi kwa nguvu katika kundi dogo, mara nyingi kwa muhula mmoja hivi, kisha hujiunga na wenzake. Familia mgeni haielezwi kila mara kwamba nafasi hiyo ipo. Iulizeni ofisi ya uandikishaji ya halmashauri yenu, kwa maandishi, na hifadhini jibu.