Namba ya siri kinyumenyume haiiti polisi

Ile meseji imerudi tena kwenye magrupu, eti ukivamiwa kwenye ATM we andika namba yako ya siri kinyumenyume, hela itatoka na polisi watajulishwa kimyakimya. Si kweli jamani. Mashine ikipata 1385 badala ya 5831 inaona umekosea tu, haitoi kitu, na ukirudiarudia kadi inaweza kufungwa au kumezwa, sasa fikiria jambazi kasimama hapo nyuma yako anasubiri. Hapo ndo naogopa zaidi, mtu anaweza kuumia kwa kuamini hii kitu.

Halafu hebu geuza 2552 au 7777, inabaki vilevile! Namba za hivyo ziko 100 kati ya 10,000 za tarakimu nne.

Watu wanachanganya kwasababu wazo lenyewe lipo kweli, lilisajiliwa hataza (yaani haki ya mvumbuzi) Marekani 1998, ila ripoti iliyotoka hukohuko 2010 ilisema halijawahi kuwekwa kwenye ATM yoyote. Ukitaka uhakika piga namba iliyo nyuma ya kadi yako uwaulize benki. Meseji ikikufikia usiisambaze tafadhali, na kama ulishaituma grupu la familia, ifute uwaambie hapohapo kwamba haifanyi kazi.