Saa nne ya wiki jana

Juzi tena. Dada mmoja amefika gatini Lamu saa nne asubuhi na mizigo yake, anakwenda likizo Faza, kisiwani Pate, anataka tung'oe nanga. Nikamwambia maji yamekupwa, Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki, tungoje mpaka mchana. Akanijibu jibu ninalolisikia kila msimu: "Nahodha, rafiki yangu alipita wiki jana saa nne hii hii."

Namwamini. Rafiki yake alipita. Na kwa sababu hiyo hiyo yeye hawezi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, hilo mnalijua. Lisilowaingia watu ni kwamba kila siku huchelewa kama dakika 50. Zidisha kwa siku 7: unapata karibu saa 6, ambazo ndizo hutenganisha kujaa na kupwa. Wiki jana yalikuwa maji mafu, yaani madogo, yakajaa mnamo saa nne asubuhi. Wiki hii ni bamvua, maji makubwa yanayojaa sana na kupwa sana: yanajaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne ndipo yamekauka kabisa. Ushauri wa aliyetangulia wiki moja unakupeleka fungu la mchanga. Wa wiki mbili ungekufaa. Kwa hiyo usiniulize boti inaondoka saa ngapi kila siku. Niulize mwezi umeandama siku ngapi zilizopita. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu. Anayehesabu siku za Ramadhani tayari ana ratiba yetu.

Wengine huniambia: "Basi tupite nje." Kuna wanaopita nje ya Manda, upande wa bahari kuu, na wakati wa upepo wa kaskazi sikatai. Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukivuma, na watoto wamo chomboni, mimi sipiti.

Kingine: Mkanda huingiwa maji yakiwa yanajaa. Ukigusa chini, maji yanakuinua. Ukiingia yakiwa yanakupwa, ukagusa, umelala hapo katikati ya mikoko na mbu mpaka yarudi. Ndiyo maana nasisitiza tung'oe nanga saa nane na nusu hata kama yatajaa saa kumi, na abiria aliyekwenda kununua maji ya kunywa saa nane na dakika ishirini ananiumiza roho.

Siku za bamvua sina wasiwasi. Zinazonisumbua ni za maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Jedwali linasema yamejaa, lakini mafungu husogea, na chombo kikisheheni simenti huzama zaidi. Kuna siku nimesimama kwenye mdomo wa Mkanda, nimetumbukiza upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kupima kina mara tatu, na bado moyo haujatulia. Nimewahi kukosea, tukakaa juu ya fungu mpaka usiku.

Anayekwenda mji wa Pate au Siyu ana hesabu ya pili, maana huko nako chombo hufika maji yakijaa tu. Yakipwa, utashuka gati la Mtangawanda, kisiwani Pate humo humo, na kumalizia kwa nchi kavu.

Na uwanja wa ndege uko Manda, siyo Pate. Ndege yako ikiwa ya asubuhi, rudi Lamu jana yake. Tafadhali. Siwezi kuyaharakisha maji kwa sababu umekata tiketi.