Uchafuzi wa mwanga na kelele majini: maana yake na jinsi unavyopimwa

Ukitaka kujua kama maji ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, yana kinyesi, unachota chupa moja unaipeleka maabara. Mwanga na kelele havichoteki. Pantoni ya Kigamboni ikizima injini, kelele imeisha na hakuna mabaki ya kupima kesho yake. Ndiyo maana dhana hii huelezwa kwa athari: ni mwanga wa taa au sauti ya mitambo inayoingia majini kwa kiwango, rangi au saa inayovuruga viumbe katika kula, kujificha, kuzaliana na kusikilizana.

Kwa upande wa mwanga, wavuvi wa dagaa ni walimu wazuri. Usiku wa giza huwasha taa, planktoni (viumbe wadogo sana wanaoelea majini) hukusanyika, dagaa huwafuata, wavu unashushwa. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, maana mwezi unaifunika taa. Taa za bandari na hoteli za ufukweni zinafanya kazi hiyohiyo mwezi mzima, ila hazina wavu. Mwezi mpevu hutoa luksi (kizio cha mwangaza) 0.1 hadi 0.3 tu, na planktoni wengi, ambao hupanda usiku kula na kushuka kabla ya kupambazuka, huubaini mwanga hafifu kuliko huo. Kasa wachanga nao wakitoka kiotani hufuata upeo unaong'aa zaidi. Nyuma ya ufukwe kukiwa na taa, wanaipa bahari mgongo.

Hapa kipima luksi, hasa cha kwenye simu, hudanganya. Kimetengenezwa kwa jicho la binadamu, linaloona zaidi kijani na manjano. Taa nyeupe za LED zina buluu nyingi, yenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 450, na katika maji maangavu buluu hupenya mbali ilhali nyekundu humezwa ndani ya mita chache. Kwenye tope la mlango wa Msimbazi mambo hugeuka: buluu humezwa mapema. Kwa hiyo pima kila rangi peke yake, juu ya maji na kila baada ya mita moja kwenda chini, katika siku za giza. Andika pia hali ya mawingu, kwa sababu wingu hurudisha chini mwanga wa jiji.

Kelele ina mitego zaidi. Sauti husafiri baharini mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Desibeli za majini hupimwa kwa kulinganisha na shinikizo la maikropaskali 1, za hewani na maikropaskali 20, kwa hiyo kusema "meli ina kelele kama ndege" kwa kutazama namba tu ni kosa. Injini za meli hunguruma zaidi chini ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 1,000, na humo ndimo samaki wengi husikia. Kamba wadogo wa kwenye matumbawe, wanaoalisha magando, husikika kuanzia kilohezi 2 hivi kwenda juu. Haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, inayonasa sampuli 48,000 kwa sekunde hufika kilohezi 24 na kuzipata sauti zote mbili.

Usiining'inize haidrofoni kwenye boti: utarekodi maji yakipiga ubavu na kamba ikitetema kwa mkondo. Itie nanga chini, bila mnyororo unaogongana, na uchague maji mafu, maana wakati wa bamvua mkondo wenyewe hunguruma kwenye kifaa. Vifaa hivi vimeshatumika hapa, japo kwa kuvutwa badala ya kutiwa nanga. Machi na Aprili 2015, haidrofoni iliyovutwa pwani nzima ya Tanzania ilinasa milipuko 318 ya baruti za uvuvi, asilimia 62 hivi ikiwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam.

Kosa linaloharibu tafiti nyingi ni kulinganisha Ghuba ya Msasani yenye taa na kisiwa cha Mbudya chenye giza, kisha kuilaumu taa. Palipo na taa pana injini, majitaka na nyavu pia. Linganisha mahali palepale, chanzo kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa, kwa usiku kadhaa wenye umri uleule wa mwezi. Na unapohesabu samaki, zima injini, subiri dakika 20 hivi, tumia tochi nyekundu. La sivyo unahesabu waliobaki baada ya wengine kukukimbia wewe.