"Hakijawahi Kugusa Reli" Si Sifa: Dhana Potofu kuhusu Vichwa vya Zamani vya Treni za Mfano

Maneno huwa ni yaleyale. "Fundi, nimepata kichwa cha zamani, kipo ndani ya boksi lake, hakijawahi kugusa reli. Ila hakiendi." Nikiuliza alikiwashaje, jibu nalo ni lilelile: alikiweka relini, akafungulia umeme mpaka mwisho, kikanguruma, kikatoa moshi. Na kichwa chenyewe ni cha dizeli, hakina moshi wa kuigiza.

Dhana: kama hakijatumika, ni kipya.

Nimechoka na hili. Boksi halizuii miaka kupita. Grisi iliyopakwa kiwandani miaka 50 iliyopita haikai ikikusubiri: mafuta yake hujitenga na kukauka, ikabaki kitu cha kahawia kama nta, kinachoshika gia kama gundi. Ukiipa mota volti 12 huku gia zimeganda, haizunguki, na umeme wote unaishia kuwa joto kwenye nyaya za amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka. Vanishi ya nyaya inaungua. Ule moshi ndio huo, na baada ya hapo unanunua mota, si grisi.

Hayo ni ya grisi tu. Tairi za mpira hukakamaa na kukatika hata kama hazijawahi kuzunguka. Gia za nailoni hunywea taratibu, zikabana ekseli ya chuma mpaka zikapasuka, na ukikiendesha kichwa utasikia tak, tak, tak, mara moja kila gurudumu linapomaliza mzunguko. Chasisi za aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi, hata kidogo sana, huliwa kutoka ndani: zinavimba, zinapinda, zinapata nyufa kama za tope lililokauka. Ugonjwa huo hauna dawa, na unaendelea humohumo boksini. Bodi ikigoma kutoka ilhali skrubu zote umeshafungua, usiivute kwa nguvu. Huenda chasisi imevimba na kuikaba.

Kwa hiyo nikiwekewa vichwa viwili, kimoja kisafi cha boksini, kingine kimechubuka rangi lakini mwenyewe anakiendesha kila mwezi na kukitunza, nachukua kilichochubuka bila kufikiri mara mbili. Boksi lina bei yake kwa anayekusanya vitu vya kabatini. Wewe unayetaka kuendesha treni unalipia kadibodi.

Kama umeshakinunua, basi usikiwashe kwanza. Vua bodi, uzungushe shafti ya mota kwa kidole. Narudia, shafti ya mota, si magurudumu: vichwa vingi vina gia ya skrubu (yenye uzi kama wa skrubu, kwenye shafti ya mota), na gia hiyo haikubali kuzungushwa kutoka upande wa magurudumu. Ukilazimisha unavunja meno. Shafti ikiwa nzito, toa grisi yote ya zamani, safisha gia kwa spiriti (ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, kuna plastiki na rangi zisizoipenda), kisha paka grisi mpya isiyodhuru plastiki. Ndipo uanze na volti 3 au 4, ukishika mota kusikia joto lake.

Dhana: usafi wa kweli ni kufungua mota yote.

Mota nyingi za zamani zina sumaku ya alniko, aloi ya alumini, nikeli na kobalti. Ukichomoa amecha bila kuziba pengo lake kwa kipande cha chuma, sumaku inapoteza sehemu ya nguvu yake papo hapo. Kinachofuata kinachekesha kwa uchungu: mteja anafurahi kwamba mota "imekuwa na kasi" baada ya kusafishwa. Kasi hiyo ndiyo dalili ya sumaku kudhoofika. Mwambie afunge mabehewa matano aone, mota itachemka na treni itabaki palepale. Dawa ni kuitia sumaku nguvu upya au kuweka ya neodimiamu. Kwa usafi wa kawaida, acha amecha mahali pake. Toa kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha), futa komyuteta, yaani silinda ya shaba vinayoigusa, kwa pamba yenye spiriti, pitisha kijiti cha meno kwenye mianya yake, rudisha kaboni. Basi.

Dhana: mafuta mengi hayadhuru.

Yanadhuru. Yanatambaa hadi kwenye komyuteta, yanachanganyika na vumbi la kaboni, mianya inajaa uji mweusi unaopitisha umeme. Tone moja kwenye ncha ya sindano, kwa kila beringi. Na ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati zilizoganda iache gereji.

Dhana: magurudumu machafu yanataka msasa. Mikwaruzo ya msasa ndiyo nyumba ya uchafu unaofuata. Spiriti na kitambaa vinatosha.

Dhana: ugonjwa wa zinki unaambukiza. Hapana. Kasoro ilikuwamo tangu chuma kinayeyushwa. Jirani yake kabatini hana cha kuogopa.

Dhana: kichwa chochote kinapokea dekoda, ile bodi ndogo ya kielektroniki ya kuendeshea treni kwa mfumo wa dijitali. Mota nyingi za zamani zina kaboni moja iliyoungana na chasisi. Usipoitenga, dekoda inakufa siku hiyohiyo. Pima pia ampea ambazo mota inakula ikizuiwa kuzunguka: zikizidi uwezo wa dekoda, tafuta kubwa zaidi au acha.

Dhana: upana kati ya reli ni milimita 16.5, basi kila kichwa cha upana huo kitapita. Magurudumu ya zamani yana kingo ndefu, na kwenye reli za kisasa zenye kimo kidogo yanagonga vishikio vya mataruma njia nzima. Kile kilichoundwa kwa mfumo wa reli tatu ndicho kibaya zaidi, maana magurudumu yake ya kushoto na kulia yameunganishwa kwa umeme. Mtu anakiweka kwenye reli mbili, shoti inapiga hapo hapo, kisha ananiletea transfoma nitengeneze.