Parachichi Mezani, Maji Shambani

Parachichi, ambalo baadhi ya wazee wetu wanalijua kwa jina la embe mafuta, linatofautiana na matunda mengi kwa kuwa nguvu yake haitokani na sukari bali na mafuta. Gramu 100 za nyama yake zina takribani gramu 15 za mafuta, na sehemu kubwa ni ya aina ile inayopatikana katika mafuta ya zeituni, ambayo yakichukua nafasi ya samli au siagi husaidia kupunguza lehemu mbaya katika damu. Zina pia karibu gramu 7 za nyuzinyuzi, folati ambayo mama mjamzito anaihitaji sana, na potasiamu inayozidi ile ya ndizi mbivu ya uzito uo huo.

Faida ambayo kwa maoni yangu haizungumzwi vya kutosha inahusu vyakula vinavyoliwa pamoja nalo. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, imo kwa wingi katika mchicha, karoti na viazi lishe, lakini huhitaji mafuta ili ifyonzwe tumboni. Mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi tu humfaidi mlaji kidogo kuliko anavyodhani. Vipande vichache vya parachichi pembeni ya sahani hiyo huziba pengo hilo, na kwa familia yenye mparachichi uani hilo halina gharama yoyote. Mwenye ugonjwa wa figo, hata hivyo, asile kwa wingi kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu potasiamu hiyohiyo yaweza kumdhuru.

Kuhusu mazingira, inakadiriwa kwamba kilo moja ya parachichi hutumia wastani wa lita 2,000 za maji duniani, ilhali kilo ya nyama ya ng'ombe hutumia zaidi ya lita 15,000. Wastani huo unaficha jambo kubwa zaidi, nalo ni mahali yanapotoka maji yenyewe. Mizizi ya mparachichi haiendi chini sana, hivyo mti huo hauwezi kuyafuata maji ya kina kirefu wakati wa kiangazi, na mkulima asiye na mvua hulazimika kuumwagilia. Huko Petorca, nchini Chile, ambako haki za maji humilikiwa na kuuzwa kama mali binafsi, mashamba ya maparachichi yalipanda vilimani huku mto ukikauka, na kaya nyingi zikabaki kutegemea maji yanayoletwa kwa malori. Michoacán, nchini Meksiko, mvua ipo, lakini misitu ya misonobari imekatwa ili kupisha miche.

Rungwe na Njombe, nchini Tanzania, hazifanani na Petorca, kwa sababu mparachichi wa nyanda hizo hunyweshwa zaidi na mvua, na ukichanganywa na migomba au kahawa huhifadhi udongo wa miteremko. Kimana, karibu na Amboseli nchini Kenya, ni ardhi kame na mapito ya tembo. Shamba kubwa la maparachichi lilipoanzishwa huko lilizua mgogoro na wafugaji na wahifadhi, na mwaka 2020 leseni yake ya mazingira ikafutwa. Kabla ya kununua miche, basi, mkulima na achunguze mvua ya eneo lake na watu wanaotegemea kisima au mto anaokusudia kuutumia.

Maji hupotea pia kwa haraka ya kuchuma. Parachichi hukomaa mtini lakini huiva baada ya kuchumwa, na likichumwa kabla ya kukomaa husinyaa na kuwa kama mpira, halifai kuliwa wala kuuzwa, na maji yaliyolikuza huwa yamepotea bure. Ndiyo maana Kenya hufunga msimu wa kuvuna kwa ajili ya soko la nje matunda yanapokuwa machanga. Nyumbani, lililoiva likiwekwa kwenye jokofu hudumu siku kadhaa zaidi.