Kostiki, umio na miadi inayorukwa

Malalamiko yanayotufikia kitengo cha upasuaji wa watoto yanafanana: mtoto alikunywa kostiki soda (kemikali kali ya kutengenezea sabuni), akalazwa, akala uji, akaruhusiwa. Mwezi haujaisha, anatapika hata maziwa, na mzazi anauliza tulikosea wapi. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Kidonda cha umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, hufunga kwa kovu, na kovu hujikunja. Njia huanza kubana kuanzia wiki ya 3 hivi. Ndiyo maana kadi ina tarehe ya kurudi hata kama anameza vizuri.

Kostiki huyeyusha nyama na kuendelea kuzama. Maji ya betri, ambayo ni asidi, mara nyingi huumiza zaidi tumbo. Usimtapishe: kinachorudi juu kinaunguza mara ya pili. Usimpe maziwa, ndimu wala mafuta ya kula, jamani, tumeshasema. Na midomo isiyo na kidonda haithibitishi kwamba umio umesalimika.

Akifika tunaangalia kwanza njia ya hewa, tunamwekea dripu na kumpa dawa ya maumivu, kisha eksirei ya kifua na tumbo kutafuta dalili za tundu. Umio ukitoboka, ni upasuaji wa dharura. Usipotoboka, endoskopi, kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni kuona umio, hufanywa ndani ya saa 24, isizidi 48. Ukimleta siku ya 7 tutaiahirisha, kwa sababu kati ya siku ya 5 na ya 15 ukuta wa umio ni dhaifu na kipimo chenyewe kinaweza kuutoboa. Huko si kuzungushwa. Kipimo hutupa daraja la ukali wa kidonda: wa daraja la 1 na 2A, yaani kidogo, huanza kula mapema. Wa 2B na 3, yaani kikubwa, huenda wakalishwa kwa mrija, wa puani au wa tumboni.

Njia iliyobana hutanuliwa kidogo kidogo kwa vijiti maalumu au puto, kila baada ya wiki 2 au 3, kwa miezi, pengine miaka. Hatuitanui yote kwa siku moja ili mwahi basi. Ukiruka miadi, kovu linabana tena. Ikishindikana kabisa, kovu likishatulia, kwa kawaida baada ya miezi 6 au zaidi, tunapandisha kipande cha utumbo mpana, au tumbo lenyewe, liwe njia mpya ya chakula.

Mje na chombo alichonywea. Wengi hutuletea chupa ya maji ya kunywa iliyowekewa kostiki, lebo yake ya maji bado ipo.